Maana Haijaguswa

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mkuu wa kitengo alipita kati ya meza akiwa na kikombe chake chenye kishikio kilichogundishwa, akasimama nyuma ya kiti cha binti waliyemwita Nukta, akamwambia ainyooshe programu ya foleni kabla ya Ijumaa. Ijumaa wangekuja wakaguzi kutoka makao makuu. Wakaguzi, alieleza, huwa hawausomi msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Huutazama tu, kama mgeni anavyotupia jicho kitanda cha mwenyeji wake, na kitanda hiki kilikuwa hakijatandikwa kwa miaka kumi na minne.

Nukta akaitikia kwa kichwa. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza kazini, kwa sababu alikuwa na umbo dogo, meza yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu, na akishasema neno lake moja mazungumzo huwa yameisha. Hakulichukia. Chuoni walimwita Bubu, kwa hiyo alijiona amepandishwa cheo.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali kuu. Programu ya foleni ndiyo iliyopanga zamu za watu wote waliosubiri upasuaji katika hospitali hiyo: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa elfu mbili. Waliiandika watu sita wakipokezana, na kila mmoja alikuja na mwandiko wake. Mmoja aliacha nafasi mbili mwanzoni mwa mstari, mwingine nne. Mwingine alisukuma maneno yake mpaka katikati ya skrini, yakakaa pale kama wageni wasiojua kiti chao ni kipi. Kulikuwa na aliyefungua mabano leo akayafunga kurasa tatu mbele. Kompyuta haikuwa na shida na hayo. Kompyuta husoma chochote mradi alama zimetimia, anayeumia macho ni binadamu.

Nukta alikuwa na sababu yake ya kuiogopa programu ile. Mama mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa ndani yake. Alikuwa fundi cherehani, na miaka ya kuinamia vitambaa vya watu ilikuwa imemkunja mgongo hadi akawa anaongea na magoti ya wenzake. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita kusubiri kupasuliwa. Siku alipoandikishwa alipewa zamu ya 340, na daktari akamwambia haitazidi miaka miwili. Tangu hapo simu yake ilipokea ujumbe mmoja kila mwezi. Mwezi uliopita ulisema: Zamu yako ni ya 2,114, tafadhali subiri. Mwezi huu ulisema 2,131. Mama mdogo alisema wagonjwa wamekuwa wengi duniani. Daktari yeye alisema jambo jingine, kwamba ikipita miaka saba mgongo utabana mishipa ya miguu, na miguu ikishalala hata kisu hakitaiamsha.

Kanuni za kazi zilimkataza mfanyakazi kufungua jalada la ndugu yake. Nukta hakuwahi kulifungua. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni, hasa zile ambazo hakuna anayezisimamia.

Zana aliyoitumia iliitwa nyoosha. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika nyoosha, unaacha nafasi, unaandika jina la faili, unabonyeza kitufe cha kuingiza. Ukiongeza neno angalia, inakutajia palipopinda bila kugusa kitu. Ukiongeza andika, inanyoosha yenyewe. Haiongezi neno wala haipunguzi. Inachokijua ni nafasi, mistari na mabano, na ikimaliza kazi yake inaandika kwa herufi nyeupe: Faili 1 limenyooshwa. Maana haijaguswa.

Alianza na angalia, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Majina ya mafaili yakateremka skrini nzima, mia mbili na kumi na mbili, yote yamepinda. Akachagua lililokuwa dogo kuliko yote, la kuhesabu tarehe, akaandika amri.

Faili likanyooka. Saa ya ukutani, iliyokuwa imeinamia kushoto tangu siku ilipopigiwa msumari, ikanyooka pia. Droo ya tatu ya kabati la chuma, ambayo haikuwahi kufunga vizuri, iliingia ndani taratibu hadi ikalia kidogo. Kwenye meza ya jirani alikaa Mama Seva, mtunza mashine kubwa za chumba cha nyuma. Aliitazama saa ya ukutani, akaitazama ya mkononi mwake, akairekebisha ya mkononi.

"Umegusa nini, mdogo wangu?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua nani kafungua dirisha.

"Nimenyoosha faili la tarehe, dada."

"Basi ukifika la ripoti unishtue mapema. Nina chai mkononi."

Alimshtua, na Mama Seva akakiweka kikombe chini. Faili la ripoti lilipanga viti vyote vya chumba kwa umbali mmoja, likaziweka kalamu sambamba, likaunyoosha waya wa simu uliokuwa umejisokota tangu kabla Nukta hajaajiriwa. Chai haikumwagika. Ilisogea tu kushoto, pamoja na kikombe chake, kwa upana wa vidole vinne.

Jioni hiyo mafaili arobaini yalikuwa tayari. Mtu wa mapokezi alilalamika kuwa makunyanzi ya shati lake yamekaa safu, lakini alilalamika akiwa anajitazama kwenye kioo.

Jumanne mvua ilinyesha. Asubuhi Nukta alikuwa amenyoosha mafaili ya kutuma ujumbe, na mvua ikashuka kwa safu. Matone yalikuwa na nafasi sawa kati yao, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na yalitua kwenye lami kwa pamoja, yakitulia kidogo kati ya tuo moja na jingine. Mtu aliyeangalia hatua zake aliweza kupita kati ya safu mbili bila kulowa mabega, na watu walipita hivyo, wamekunja miavuli. Ndege walikuwa wameketi kwenye waya wa umeme, ndege mmoja, nafasi, ndege mmoja, nafasi, na aliyechelewa alizunguka hewani hadi akaona pengo lake.

Nukta alifungua dirisha akatoa mkono nje. Vidole viwili vikalowa, viwili vikabaki vikavu. Alisimama hapo mpaka mkono ukaanza kufa ganzi. Alikuwa na hisia ambayo hakuwa nayo tangu utotoni, alipokuwa akikaa chini ya meza ya cherehani na kumwona mama mdogo akipitisha mkasi kwenye kitambaa bila kukichora kwanza, na kitambaa kikitii. Aliona dunia nayo ilikuwa kitambaa, na ilikuwa imekunjwa tu. Hakumwambia mtu. Alifunga dirisha, akarudi kwenye amri zake, macho yakiwa yamemlowa, na Mama Seva alipomtazama alisema ni mvua.

Mchana mwenye duka la magodoro alipanda ngazi kuja kushukuru. Magodoro yake yalikuwa yamelingana pembe kwa pembe na wateja walikuwa wakipita kuyatazama tu. Kwa kuwa amefika, akaomba kama inawezekana wamnyooshee na shemeji yake.

"Zana hii hainyooshi tabia, kaka," Mama Seva akamjibu. "Ingekuwa inanyoosha, tungeanza na hiyo futi yako ya kupimia."

Mwenye duka akacheka, akashuka. Futi yake ilibaki ilivyokuwa.

Jumatano alifika kwenye faili la wagonjwa. Lilikuwa refu, na alilipitishia angalia mara tatu kabla ya kuongeza neno andika. Hakuna kilichosogea chumbani. Aliposhuka kwenda nyumbani jioni aliona wazee wakitoka hospitali na fimbo zao zimesimama wima, na mtoto mmoja aliyekuwa na mguu wa upinde akitembea na mama yake, mguu umenyooka, anachechemea kama kawaida.

Nyumbani kwao ilikuwa nyuma ya machimbo ya zamani ya kokoto. Nyumba zilipanda kilima zikiwa zimeshikana mabega, na hakuna iliyokuwa na namba, kwa sababu baraza la mji halikuwahi kufika huko na rangi yake. Barua za mtaa huo ziliandikwa nyumba ya bati la kijani baada ya bomba, na zilifika, au hazikufika.

Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa mrefu. Nukta alikuwa amesahau kwamba mama mdogo ni mrefu.

"Mwanangu, njoo uone," alisema akiwa ananyoosha mkono juu ya kabati. "Sufuria yangu ile. Ile niliyosema mama wa bomba kaniibia. Iko huku juu na vumbi lake. Miaka minane simsalimii yule mwanamke."

Akaishusha, akaipuliza, akaiweka mezani. Mgongo wake ulikuwa umesimama kama rula. Gauni, alilolishona kwa ajili ya mgongo uliopinda, lilikuwa fupi mbele na refu nyuma. Nukta akamzunguka taratibu, akamgusa kati ya mabega kwa ncha za vidole. Mfupa ulikuwa juu ya mfupa, kila mmoja na nafasi yake. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Na maumivu, mama?"

"Yapo," mama mdogo alisema, akitafuta kiti kwa mkono. Alikaa kama mtu anayeketi juu ya miiba, na jasho likamtoka juu ya mdomo. "Yalikuwa yamejikunja. Sasa yamesimama wima, kama mimi."

Halafu akamtuma kwa mama wa bomba na sukari kidogo kwenye karatasi, akamwagiza amwambie kwamba mama mdogo anamsalimu na hakuna jambo lolote.

Alhamisi lilibaki faili moja, lile la zamu, ambalo ndilo lililoamua nani asogee mbele. Lilikuwa na mistari mia tisa. Watu sita walikuwa wamelipitia, na Nukta mwenyewe alishalisoma mara mbili, juu hadi chini. Wote walisoma kile kilichoonekana. Mstari wa 412 ulionekana mtupu. Ulianza na nafasi tupu mia tatu na arobaini, na mia tatu na arobaini ni mbali kuliko skrini yoyote ya ofisi ile. Maneno yake yalikaa huko kulia, nje ya macho, na kompyuta iliyafikia kila siku na kuyatii.

Nukta aliandika amri. Zana ilizichukua zile nafasi mia tatu na arobaini, ikazitupa, ikaacha nne. Kilichokuwa huko kikaja mbele ya macho yake, kimekatwa mistari mitatu, kila kitu mahali pake:

kama namba ya nyumba ni tupu
    na saa ni mbili asubuhi
        mpeleke mgonjwa mwisho wa foleni

Faili 1 limenyooshwa. Maana haijaguswa.

Aliusoma kama mara kumi. Haukuwa na kasoro. Mabano yalifunguka na kufunga, na maneno yalikuwa machache kuliko aliyoyahitaji yeye kuagiza mkate. Wote wa nyuma ya machimbo, ambao baraza halikuwapa namba, walipelekwa mwisho kila asubuhi, na kila asubuhi walianza upya. Hakuhitaji kulifungua jalada la ndugu. Alikuwa amelala nalo nyumba moja miaka ishirini na moja.

Akanyanyuka, akatembea hadi mlango wa Mkuu, akabisha. Mkuu alikuja na kikombe chake, akainama juu ya skrini. Alikuwa mtu mpole, aliyejua majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Aliusoma mstari kwa kunong'ona, na midomo yake ilifika mwishoni mwa kila mstari kabla ya macho.

Nukta aliliona hilo. Akasema, "Mkuu, umeusoma kabla hujauona."

Mkuu alijinyoosha. Akasema, bila ukali, kwamba hilo waliulize daftari. Daftari la mabadiliko huandika kila mstari uliguswa na nani mara ya mwisho, na siku gani. Mama Seva alilifungua kwenye mashine yake. Mstari wa 412 ulikuwa na jina kamili la Nukta. Na wa 411. Na yote mia tisa, na ya mafaili yote mia mbili na kumi na mbili, kwa kuwa zana ilikuwa imeigusa yote, na zana iliendeshwa na mkono wake.

"Hongera," Mama Seva alisema. "Kazi ya miaka kumi na minne kwa siku nne."

Nukta aliomba warudi kurasa za nyuma. Mama Seva akarudi. Kurasa za nyuma nazo zilikuwa zimenyooka. Zilikuwa na jina moja kutoka juu hadi chini, limepangwa vizuri, na mstari wa 412 ulionyesha kuwa uliandikwa na Nukta miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Jumanne. Alikumbuka mwaka huo. Alikuwa na miaka kumi na minne, na muhula huo mzima alikuwa amelala na tetekuwanga, akipakwa dawa na mama mdogo.

"Ulianza kazi mapema," Mkuu alisema, na alilisema kwa heshima.

Kisha akamletea fomu ya kubadilisha maana, akamweleza kwa utaratibu. Kunyoosha hakuhitaji fomu. Kubadilisha maana kunahitaji. Kisanduku cha kwanza kilisema: mwandishi wa mstari aeleze kwa nini aliuandika. Mstari usiojulikana sababu yake haufutwi, maana hakuna ajuaye umeshikilia nini. Lazima kulikuwa na sababu wakati ule, aliongeza, akitazama ndani ya kikombe.

"Sababu gani, Mkuu?"

"Wewe ndiye mwandishi, binti. Daftari halisemi uongo."

Nukta aliandika kwenye kisanduku: Sikuuandika mimi. Fomu ilirudishwa kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa haikulingana na daftari.

Mchana alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Aliufuta mstari bila ruhusa. Aliufuta wote, akahifadhi faili. Zana, ambayo kwa agizo la Mkuu ilikuwa imewekwa ijiendeshe kila faili linapohifadhiwa, ilitafakari kwa nusu sekunde na kuurudisha, nafasi nne mwanzoni, kama ulivyokuwa. Chini ikaandika kwa herufi zake nyeupe kwamba maana haijaguswa. Alifuta mara saba. Mara ya saba dirisha jeusi lilichelewa kidogo kuliko kawaida, akaona kama nalo linasikitika, lakini mstari ukarudi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mihuri. Kila Ijumaa wanaosubiri upasuaji hufika kwenye dirisha la hospitali kugongewa muhuri kwenye kadi, kuthibitisha kwamba bado wako hai na bado wanaumwa. Mama mdogo aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akiwa wima, amebeba kadi yake na mfuko wa vifungo vya kushonea njiani.

Wakaguzi walikuja mapema, saa moja na nusu, mwanamke mwenye miwani miwili na mwanamume aliyebeba mkoba wa mwanamke huyo. Walikaa mbele ya skrini ya Nukta na hawakuongea dakika ishirini nzima. Mistari ilipita mbele yao, ukingo wa kushoto umenyooka kama bahari inavyonyooka kwa mbali, mabano yakifungua na kufunga kama pumzi ya mtu aliyelala. Mwanamke alivua miwani ya kwanza, akavaa ya pili. Akasema amekagua miaka thelathini na hajawahi kuuona msimbo ukitulia hivi. Walipofika mstari wa 412 aliusoma kwa sauti, mwenzake, Mkuu na Nukta wakasikia, na akasema unasomeka vizuri sana. Akauliza nani mwandishi. Mkuu akamwelekeza. Mwanamke akasimama, akampa Nukta mkono kwa mikono yake miwili.

"Mstari huo unawarudisha watu nyuma," Nukta alisema.

"Ndiyo," mkaguzi alijibu kwa upole. "Nimeona. Uko wazi kabisa."

Saa ya ukutani, iliyokuwa imenyooka, ilitimiza saa mbili. Wote waligeukia dirisha, kwa kuwa nje kulikuwa kumetulia.

Foleni ya mihuri ilikuwa imepangwa ukutani mwa hospitali, watu kama mia tatu, kila mmoja na nafasi yake. Kisha baadhi yao wakainuka. Waliinuka kwa kimo cha kiganja tu, na viti vyao, na mifuko yao, na watoto waliowapakata, na wakaanza kurudi nyuma. Walirudi polepole, kwa mpangilio, uso ukiwa bado umeelekea dirishani, wakipita kando ya waliobaki. Aliyekuwa anakunywa chai aliendelea kunywa. Waliobaki walisogea mbele wakaziba mapengo. Mama mdogo alikuwa wa kumi na saba tangu mbele. Alipita juu ya lami na mgongo wake mzuri, kadi kifuani, akiwapa pole aliowagusa kwa mfuko. Jua lilikuwa limewapiga kwa pembe, na vivuli vyao vilikuwa sambamba vyote, na Nukta alishindwa kuondoa macho. Kilikuwa kitu kizuri. Ndicho kilichomuumiza kuliko vyote, kwamba kilikuwa kizuri.

Walishushwa mwisho wa foleni, mmoja mmoja, karibu na mapipa ya taka.

"Foleni yenu ina nidhamu," alisema yule mkaguzi mwanamume, na akaandika.

Nukta alishuka ngazi mbio. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mtu wa mapokezi alimfungulia mlango kabla hajaufikia. Alivuka barabara, akaifuata foleni hadi inapokwisha, akamkuta mama mdogo akitengeneza kola.

"Umeona?" mama mdogo akamuuliza. "Wametubeba vizuri, sikuyumba."

"Mama, ni kila siku. Ni kwa sababu nyumba haina namba. Nimeuona mstari wenyewe."

Mama mdogo alitazama kule alikotoka, kichwa baada ya kichwa, mpaka dirishani. Kwa urefu wake mpya aliweza kuona njia yote.

"Miaka sita nikidhani wagonjwa wanaongezeka," alisema. "Kumbe ni mimi ninayerudi."

Wiki iliyofuata watu wa nyuma ya machimbo walinunua rangi. Mama wa bomba alishika ngazi na mama mdogo, aliyekuwa mrefu kuliko wote, aliandika. Kila mlango ulipata namba, na kila namba ilinyooka yenyewe kabla rangi haijakauka, zikapanda kilima safu kwa safu, nyeupe, mpaka watu wa upande wa pili wa mji wakawa wanasimama jioni kuzitazama. Lakini programu husoma namba kutoka kwenye faili la baraza, na kwenye faili la baraza hapakuwa na kitu. Baraza lilipoulizwa lilijibu kwamba limeziona namba na limezipenda.

Siku hizi Nukta hujaza fomu kila Alhamisi. Kwenye kisanduku cha kwanza huandika ukweli, na fomu hurudi kabla ya chakula cha mchana, imekunjwa sawasawa mara mbili. Mkuu huileta mwenyewe mezani na kumuuliza hali ya mgonjwa. Ujumbe wa mwezi huu unasema 2,207. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia wa mama mdogo hakisikii tena sakafu. Mama mdogo anasema kinamsaidia, maana ndicho kilichokuwa kikijikwaa.

Ijumaa, inapokaribia saa mbili kasoro dakika kumi, Nukta huacha meza yake, akachukua kigoda kutoka chumba cha mashine, akashuka nacho. Mama Seva humshikia mlango na kumwambia asichelewe. Anavuka barabara, anahesabu hatua kutoka kwenye mapipa, anakiweka kigoda chini na kukielekeza dirishani. Alikosea wiki ya kwanza kwa nusu hatua. Sasa hakosei. Saa ikitimia, mama mdogo anakuja kinyumenyume juu ya lami, amenyooka, vifungo vikilia mfukoni, na anaposhushwa anakikuta kigoda kiko palepale anapokaa.